Mchuzi wa Mama, Bila Nyama

Mzee Bucha, aliyeuza nyama kwa miaka thelathini, alikuwa amesimama kwenye genge la mboga akiuliza uyoga unapikwaje.

Mwenye genge alidhani anataniwa. "Wewe? Uyoga?"

"Niuzie, mama, acha maneno."

Habari ilimtangulia kufika sokoni. Kwenye safu ya mabucha wenzake walimpokea kwa vicheko. "Mzee, umehamia zizini? Tukuletee na majani?" Haikuwa mara ya kwanza. Miaka minne sasa walikuwa wanamsakama kwa jambo moja tu: binti yake, binti wa muuza nyama, hagusi nyama. Na alilitangaza mwenyewe, tena dukani, mbele ya wateja waliopanga foleni. Baba alimzaba kofi palepale. Mama mtu alikuwa ameshafariki, hakukuwa na wa kuamua ugomvi. Binti alivua aproni akaondoka, akaolewa huko alikokwenda, akazaa huko huko.

Sasa alikuwa amepiga simu. "Nitakuja Jumapili, baba. Peke yangu kwanza. Tukila meza moja kwa amani, wiki inayofuata namleta mjukuu wako. Ukinitilia nyama hata chembe, hunioni tena, na mtoto hutamjua."

"Utakula mchuzi wa mama yako," baba alijibu. "Nakuahidi."

Basi akamwendea jirani yake, fundi cherehani, mama mmoja aliyeacha nyama kwa sababu ya tumbo, amfundishe. Jamani, mama wa watu alipata kazi! Mzee aliyeweza kupasua ng'ombe mzima huku anapiga soga alikata kitunguu kama anayechanja kuni. Siku ya kwanza biringanya ziligeuka uji. Siku ya pili uyoga ulishika chini.

"Kitunguu mpaka kiwe chekundu, we mzee! Nyanya baadaye! Na dengu usiziharakishe, hizo ndizo zitakupa uzito."

Naye, mtu ambaye sokoni hakuna aliyethubutu kumpigia kelele, aliitika "ndiyo, mama" na kuendelea kukoroga. Fundi alimwambia anunue sufuria mpya, maana ile ya zamani imekunywa mafuta ya nyama miaka na miaka. Akanunua. Siku moja moto ukiwa mdogo alitoa simu, akamwonyesha picha ya mtoto aliyotumiwa na binti yake. "Mtazame. Ana kidevu changu." Akaifuta skrini kwa kidole gumba, na fundi akajifanya anatafuta chumvi.

Jumamosi fundi alionja. "Umeweza. Mchuzi umepwaya kidogo, lakini umeweza."

"Umepungukiwa nini?"

"Haujapungukiwa kitu. Mchuzi wa mboga ndivyo ulivyo. Kesho nije nikusaidie?"

"Hapana. Kesho niachie mwenyewe. Nataka ale kilichotoka mikononi mwangu."

Jumapili mchana binti alifika. Alisita mlangoni, pua juu. "Mbona panatoka harufu ya zamani?"

"Uyoga huo. Nimeukaanga mpaka majirani wakachungulia."

Binti alichungulia jikoni. Aliona maganda ya biringanya, aliona sufuria inayong'aa bado ina karatasi ya dukani kwenye mkono wake. Akaketi. Alipochota kijiko cha kwanza, Mzee Bucha hakuvuta pumzi.

"Baba." Kijiko kilibaki hewani. "Huu ni wa mama. Wenyewe kabisa. Umewezaje?"

"Fundi amenitesa wiki nzima."

Binti alicheka, halafu akalia, akala huku analia wala hakuona haya. Aliomba sahani ya pili. Alipoimaliza aliifuta kwa kipande cha mkate, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Akamshika baba yake mkono. Alimwambia kwamba amemsamehe, kwamba kwa kweli alishamsamehe zamani, ila alitaka kuona kama baba naye anaweza kujishusha kwa ajili yake. Jumapili ijayo atamleta mtoto. Njiani atamfundisha kusema babu.

"Umeshiba?" Mzee Bucha aliuliza.

"Nimeshiba, baba."

"Kweli umeshiba?"

"Kweli kabisa. Sijashiba hivi miaka minne."

Mzee Bucha aliinuka, akafuta mikono, akafungua mlango wa chumba cha kulala.

"Haya, tokeni," aliwaambia wauza nyama wenzake sita, waliokuwa wamebanana kitandani kwake viganja mdomoni wasipasuke kwa kicheko. "Mmeshuhudia wenyewe. Sahani mbili, na supu ya mifupa ameifuta kwa mkate."