Jino la Kurusha Paani

Sindano ya ganzi ilipoingia tu, moyo wa Sikudhani ulianza kwenda mbio. "Ni kawaida, mama, itapita," daktari wa meno alimwambia. Sikudhani akaomba atoke kidogo apate hewa, na hakusimama mpaka karibu na kwake. Hapo akajitia pamba mdomoni, aonekane ametoka kung'olewa jino.

Bintiye Riziki alikuwa akimngoja mlangoni, na pengo lake la mbele. Juzi tu Sikudhani alimshika mikono kwenye kiti kile kile cha daktari, akimwambia, "Tulia mwanangu, mbona mimi siogopi."

"Pole mama. Liko wapi, tulirushe juu ya paa kama langu?"

Sikudhani akainama, akaokota kokoto jeupe kwa kificho, akajifanya anafungua fundo la khanga. Kisha akamfumbatisha mtoto. "Usilitazame, lina damu," alisema kwa mdomo mzito.

Riziki akafumba macho, akarusha kwa nguvu zake zote. Bati likalia.

"Kweli wewe huogopi," alisema.

Ganzi ilikuwa inaisha, jino limeanza kupwita. Juu, kokoto likaanza kubingirika kurudi ukingoni, na Riziki akasogea chini yake, amekinga viganja.