Sindano za Bulonza

Docteur alikwisha kusema kwa Kifaransa. Sasa yeye na mama ya mutoto walimutazama muforomo Eulalie, muuguzi wa zamu, ageuze maneno yale kwa Kiswahili. Ulimi ukakataa. Kazi gani hii, kubeba maneno ya mutu mwingine na kuyatua juu ya kichwa cha mama wa watu!

Ilikuwa mwaka wa soixante-quatorze, 1974. Majina ya batizo yalikatazwa na serikali, lakini pale hospitali Bukavu wote waliendelea kumuita Eulalie.

Bulonza, mutoto wa miaka saba, alilala na shavu limevimba mpaka jicho limejifunga. Mama yake, Cibalonza, alimubeba mugongoni toka Nyangezi. Mwaka uliopita alikuwa amemuzika mutoto wake mukubwa kwa ugonjwa uleule. Ulimumaliza kwa wiki sita.

Eulalie akaanza na upande muzuri. Dawa ya sindano iko, imefika na ndege toka Kinshasa, inaweza kuyeyusha uvimbe. Docteur akagonga kitanda na kalamu: amwambie na ile ingine, mama iko na haki ya kujua.

Basi akasema. Dawa ile ni kali, inapita mu mukojo, inachoma kibofu. Mutoto atakunywa maji mingi ya kukisafisha. Lakini hata akipona, kibofu kinaweza kuja kushikwa na kansa.

"Lini?" Cibalonza aliuliza.

"Nyuma ya miaka kumi, maman. Ao makumi mawili."

Cibalonza alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akamuinua mutoto na kumukumbatia kifuani.

Eulalie akajua mambo yameharibika. Wamama wangapi aliwaona wakitoroka na watoto wao kwa neno dogo kuliko lile. Na angemulaumu namna gani? Huku kifo, huku kansa, katikati hakuna njia. Yeye mwenyewe alijisikia kama kuku ndani ya kikapo. Alitamani kulia, akajizuia.

Cibalonza akasema anataka karatasi ya docteur, iwe na sinyatire ya mukono wake na muhuri.

Eulalie akageuza maneno yale kwa sauti ndogo. Docteur akashusha pumzi, akatoa fishi ya kutoka hospitali, ile sentineli anayodai pale langoni.

Cibalonza akaitazama, akatikisa kichwa.

"Si hiyo," alisema. "Andika: mutoto wangu atafika miaka makumi mawili na saba, ndipo atagonjwa kibofu. Weka sinyatire, Docteur, usinidanganye."