Nyegere Afungua Duka kwa Swala

Zamani, wanyama walipokuwa wangali wakifanya biashara, Nyegere alimiliki kampuni ya asali kwa ubia na serikali ya Simba, nusu kwa nusu. Ubia huo ulimpa kiburi, maana nyumbani kila mlango ulimfungukia kabla hajapiga hodi.

Basi akafungua duka ng'ambo ya mto, katika nchi ya swala. Ili aheshimike, akachora unyayo wa Simba juu ya mlango. Swala walipouona, wakatimua mbio. Asali ikakaa hadi ikaganda, na Nyegere akakosa usingizi.

Siku moja akamwona mama swala akichungulia, mwanawe akikohoa.

"Karibu, mama! Simba ni mbia tu."

"Leo mbia wa asali," mama akajibu akirudi nyuma, "kesho mbia wa nyama."

Nyegere akaenda kumsihi mfalme. Simba, aliyependa faida kuliko sifa, akamuuzia sehemu kubwa ya hisa zake, na unyayo ukafutwa.

Mama yule akaja na kibuyu, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Na mbia wako?"

"Amepunguza hisa."

Mama akapokea asali yake. "Basi mwambie apunguze na meno."