Bati Upande wa Upepo

Jirani yao, Bi Mgeni, anaapa aliuona upepo ukiruka bati kama mbuzi mwizi na kuiangukia migomba. "Migomba minane, chali! Haya, bibi arusi, si ulitaka ua unaong'aa?"

Bibi arusi mwenyewe ni Nuswiba. Ni yeye aliyeikata mibaazi ya mama mkwe wake, safu nzima iliyokinga bustani, akasimamisha ua wa bati mahali pake, akidai mibaazi inawafanya waonekane watu wa kichakani. Mama mkwe alimwonya mara moja tu. "Mwanangu, mbaazi huuchuja upepo, tena hutulisha. Bati litaurusha tu juu, uje utuangukie." Nuswiba akacheka.

Sasa bati alikwisha kuling'oa mwenyewe. Alikuwa akichimba vishimo palepale penye visiki, udongo ukimwingia kwenye kucha, na mama mkwe ameketi kizingitini akimenya ndizi za mikungu iliyoanguka, changa, nyembamba kama vidole vya mtoto. Mbegu za mbaazi zilikuwa kwenye kibuyu, miguuni pake.

Nuswiba alijifuta mkono kwenye kanga, akaunyoosha.

"Mama, nitilie mbegu. Hata za kishimo kimoja."

Kisu kiliendelea kumenya.