Mkia wa Mkanda Mweusi

Watoto kumi na tisa walikuwa wakibingirika sakafuni kama viazi vilivyomwagika kutoka guniani, na kumi na sita kati yao walikuwa wanafunzi wake. Bwana Cheo aliwatambua mmoja mmoja, akiwa amejibanza mlangoni mwa ukumbi wa mtaa, mkanda mweusi kiunoni na karatasi yenye muhuri mkononi.

Bwana Cheo ni jina la watoto. Mwenyewe alijiita Mwalimu Mkuu Mtukufu wa Mkanda Mweusi Daraja la Tano, na mwanafunzi aliyeruka neno alisimama kwa mguu mmoja mpaka alikumbuke. Mlangoni kwake palikuwa na kibao: "Mwalimu Mkuu haonwi bila barua." Dakika arobaini za kila somo zilikuwa za heshima, ishirini za karate. Wazazi walisema ndiyo nidhamu. Watoto hawakuulizwa.

Halafu likabandikwa bango ukumbini: "Karate kwa watoto, kwa njia ya michezo." Miezi miwili baadaye shule ya Bwana Cheo ilikuwa imepukutika, imebaki na watoto watatu, wawili wakiwa wa mwenye nyumba. Shemeji yake alikwisha kumwonyesha, kwa upole unaoudhi, kiti atakachokalia dukani kwake katikati ya magodoro. Kwa mtu aliyezoea kuinamiwa, hilo lilikuwa kuzikwa akiwa hai.

Mkewe alijaribu kusaidia. Wiki iliyopita alimpelekea chai na bahasha ya kaki.

"Baba watoto, hii ni ya tatu. Si ufungue tu uone?"

Juu iliandikwa "Mwalimu wa Karate", basi. Bwana Cheo alichukua kalamu nyekundu, akaandika maneno yake matatu, akairudisha kwa tarishi. Barua isiyojua cheo chake, alisema, haina la kumwambia. Mkewe hakubishana. Mwaka jana bili ya maji ilirudishwa vivyo hivyo, na wiki nzima waliomba maji kwa jirani.

Alikuwa na kazi kubwa kuliko barua. Kwa siku nne alikalia benchi la ofisa wa michezo akidai mafunzo ya ukumbini yafungwe, kwa kuwa yanaichezea karate. Siku ya tano ofisa aligonga muhuri ili apate kwenda kula.

Sasa aliingia. Aliyekuwa akiwabingirisha watoto ni mama mnene wa miaka hamsini hivi, filimbi shingoni, akihema kuliko wanafunzi wake.

"Mama, wewe una mkanda gani?"

"Karibu, baba. Mkanda gani tena? Nina huu wa gauni."

Watoto wakacheka. Bwana Cheo alitaka kumpa ile karatasi palepale, lakini akaona si vizuri kumzika mtu kabla hajamwaibisha.

"Na huku kujigaragaza ndiko karate?"

"Ni michezo tu. Wanajifunza kuanguka wasiumie, wanajifunza kukaa macho. Sasa tunacheza mkia. Kila mmoja anachomeka kitambaa kiunoni, nyuma. Unanyang'anya cha mwenzako, unalinda chako. Karibu ucheze."

Bwana Cheo alichomeka kitambaa, akamchagua mpinzani aliye mdogo kuliko wote, binti wa miaka saba asiye na meno mawili ya mbele. Huyo alikuwa amemaliza nusu mwaka kwa mguu mmoja katika shule yake, maana cheo chote hakikumtosha mdomoni.

Mkia wa kwanza ulikwenda Bwana Cheo akiwa bado anainama kutoa heshima. Wa pili ulikwenda alipopiga ukelele wake maarufu, ambao huupiga akiwa amefumba macho. Mara ya tatu alimrukia. Binti alizunguka kwa mguu mmoja, imara kabisa, na Mkanda Mweusi Daraja la Tano akatua sakafuni kwa tumbo.

"Bwana Cheo, hukubingirika," binti alimwambia kwa huruma, kitambaa mkononi. "Ukianguka, jifanye kiazi."

Ukumbi mzima ulicheka. Aliinuka uso ukimwaka, akamkabidhi mama yule karatasi.

"Mafunzo haya yamefungwa kuanzia leo. Ukumbi hautatumika tena kwa karate, kwa namna yoyote, na mtu yeyote. Soma, muhuri huo hapo."

Mama aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka.

"Haya wanangu, vaeni viatu."

"Na mwalimu akija?" binti aliuliza.

"Tutamwambia pamefungwa."

"Mwalimu gani?" akauliza Bwana Cheo.

"Wa karate, baba. Mimi nafundisha chekechea. Kamati ya mtaa iliniomba niwachezeshe watoto mpaka mwenyewe afike. Walikwisha kumpa ukumbi huu na watoto wote hawa, awe mwalimu wa kudumu. Lakini wanasema ni mtu mkubwa, kwake huingii bila kumwandikia kwanza. Tumeandika mpaka tumechoka."

Alivuta droo, akaweka mezani bahasha tatu za kaki.

"Hata kufungua hakufungua. Tazama mwenyewe alichotujibu."

Bwana Cheo hakuhitaji kuinama ili asome. Kwenye kila bahasha, kwa wino mwekundu na herufi za kujivuna, paliandikwa: "Irudi. Cheo hakijakamilika."