Mpira Mpya wa Burito

Burito alisimama na maji kiunoni, macho kwenye mpira wake wa gofu. Ulikuwa umekwama kwenye matete, hatua tatu mbele.

"Shemeji, rudi!" kaka wa mkewe aliita kutoka ufukoni. "Mpira mzuri hautibu mkono mbovu. Si nilikwambia?"

Alimwambia kweli. Asubuhi nzima alikuwa akimcheka: "Wewe unapigaga kulia tangu enzi za foleni ya sukari. Sasa utapiga kulia mbali zaidi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mpira wa zamani, uliochubuka kama kisigino, ulipinda kulia ukaishia majanini. Huu mpya, ulioingia na bidhaa za mpakani, ulipinda vilevile, lakini ukaruka majani, ukaruka mawe ya kufulia nguo, ukatua ziwani.

Kwenye mawe hayo hakuna aliyefua tangu Jumatatu, mamba alipomchukua mama mmoja wa Nyasho.

Mpira wa zamani angeuacha.

"Mpira huu nimeutolea mbuzi mzima kule Bunda, shemeji," Burito alijibu bila kugeuka. "Ziwa nalo limle mbuzi wangu?"

Akanyoosha mkono, akaushika. Ulikuwa na vishimo vyake vyote, hauna mkwaruzo hata mmoja.

Ndipo akagundua kwamba shemeji yake ameacha kuita. Upande wa kushoto matete yalikuwa yanainama, moja baada ya jingine, na upepo haukuwepo.

Burito akaanza kurudi kinyumenyume, mpira ameuinua juu ya kichwa kama mtu anayevusha moto.