Jicho Moja Wazi

"Bwana, lirehemu taifa hili linalojiabudu lenyewe!" mhubiri alinguruma mbele ya simu yake iliyokuwa ikirusha maombi mubashara mtandaoni, jicho moja amelifumba, la pili likichungulia makopa mekundu ya watazamaji yaliyokuwa yakifoka kwenye skrini kama povu la sabuni.

Mama yake, aliyepiga magoti kando ya kochi, alikuwa akimtazama.

"Mwanangu," akanong'ona, "hilo jicho lililo wazi, linamwomba nani?"

Mhubiri akajiona kwenye skrini: kola imenyooka, chozi limekaa mahali pake, uso umegeuzwa upande unaopendeza.

Akaizima simu, umati wa mtandaoni ukiwa bado unaisubiri amina. Akapiga magoti, akafumba macho yote mawili.

"Bwana," akasema kwa sauti ndogo, "anzia kwangu."

"Amina!" mama akapaza sauti, mpaka jirani nyuma ya ukuta akaitikia.